Mpira Nilioutia Kwenye Sanduku la Swichi

Kasongo, alasiri ya kuamkia safari yako

Feza, mwanangu, na mama yangu pia, kwa kuwa jina lake ndilo ulilolibeba,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, nami nimejifungia karakanani nikijifanya natengeneza kabureta. Kabureta iko mezani, haijaguswa. Najua ungependa tuongee uso kwa uso, lakini mdomo wangu unaufahamu: unatangulia mbele, halafu mimi nabaki nyuma nikiufuata na kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Kalamu inakwenda polepole, na leo nahitaji kitu cha kwenda polepole.

Habari za njia sikuandikii. Mama yako tangu juzi hajanyamaza: maji ya kunywa, koti la mvua, dereva asilipwe yote kabla ya kufika Kabambare, viatu vya wazi usivae juu ya pikipiki. Nikiongeza langu atasema nimemnyang'anya kazi. Mimi nitakuandikia juu ya lile sanduku la swichi la depo ya mafuta ya Mzee Ramazani, kwa sababu tangu Jumatatu ile tunakula nalo, tunalala nalo, na sitaki uondoke Kasongo tukiwa hatujalizungumza.

Nianze mbali kidogo, maana kosa langu halikuanzia kwenye sanduku. Nilipokuwa kijana nikijifunza ufundi, magari yalikuwa yakifika hapa na vipuri vyake. Halafu vita vikaja. Njia ya Kindu ikafungwa, ya Kabambare ikafungwa, na mtu aliyekuwa na pikipiki akabaki na chuma cha kuanikia nguo. Hapo ndipo sisi mafundi tulipogeuka kuwa watu wa maana. Hakuna aliyeuliza kama kitu kinaruhusiwa, waliuliza tu kama kitawaka. Mashine ya kusagia mihogo niliichongea gia kutoka chuma cha daraja lililobomoka, ikasaga. Friji ya chanjo ya kituo cha afya ilikuwa imepoteza mpira wa mlango wake, baridi yote inatoka nje. Nikachukua mpira wa ndani wa tairi la lori, nikaukata, nikauzungushia mlango, friji ikashika baridi. Akina mama waliokuja kuchanja watoto wakaniletea kuku, na mmoja akampa mtoto wake jina langu. Maskini mtoto yule, Dezire wa friji, bado wanamwita hivyo.

Basi tangu hapo mpira wa ndani wa tairi ukawa jibu langu kwa kila kitu chenye kifuniko. Sicheki mimi mwenyewe nikikuandikia hivi, ingawa wewe unaruhusiwa.

Pampu ya Mzee Ramazani ilifika juu ya lori kutoka Kalemie, imekwishatumika huko, ikiwa na mota yake na lile sanduku. Uliliona: chuma kizito, kifuniko chenye bolti nyingi mpaka mkono unachoka, na mdomo mpana uliosuguliwa ukang'aa. Siku moja swichi iliungua ndani, wakaniita. Nikafungua bolti zile nikinung'unika, ni nani huyu aliyeogopa hivi kwamba kifuniko kitakimbia? Nilipofungua nikakuta chuma kimelala juu ya chuma, mpira hakuna. Nikasema moyoni, wameuiba njiani, au umeoza wakautupa. Midomo ya chuma ilikuwa na kutu kidogo na mikwaruzo, nikaila kwa tupa mpaka ikawa safi. Bolti nyingine nyuzi zake zilikuwa zimekwisha, nikaziacha nje, nikaona zilizobaki zinatosha. Nikakata mpira, nikaulaza vizuri kila pembe, nikafunga.

Sikufanya kwa uvivu, Feza. Nilifanya kwa kuipenda kazi. Ndiyo inayoniuma mpaka sasa: katika kazi zangu zote, ile ya hatari kuliko zote niliifanya kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Mzee Ramazani alizunguka sokoni akisema depo yake ina fundi, wala sikumkataza.

Pampu ikafanya kazi miaka. Ninyi mkakua. Pikipiki za kwenda Salamabila zikawa zinapanga mstari asubuhi kujaza bidoni zake za mafuta, kwa ajili ya mashine za kuvuta maji kule kwenye dhahabu. Wewe ukaenda Lubumbashi kusoma umeme, ukarudi na diploma, ukawa unangoja barua ya kazi ya Kalemie. Na wakati huo huo yule anayemletea Mzee mafuta ya esanse akamwambia hatatuma tena lori kubwa mpaka mtu anayejua apite deponi, aangalie kila kifaa kilicho mahali pa mvuke wa esanse, atie saini. Mzee Ramazani alicheka kwa furaha. Mtu anayejua yuko Kasongo, tena ni mtoto wa fundi wake! Alikuja hapa nyumbani mwenyewe kukuomba, akakaa kwenye kiti changu, mama yako akamkaangia ndizi.

Nilivaa shati la Jumapili siku ya Jumatatu. Sijui kama uliliona. Nilikuwa nakwenda kumwona mwanangu akiisifu kazi yangu mbele ya watu, kwa maneno ya shuleni ambayo mimi sinayo.

Ulipiga magoti mbele ya sanduku. Ulilowesha kidole kwa mate ukafuta kile kibati kidogo, ukasoma zile herufi zake, E na x ndani ya umbo la pembe sita, na namba zinazofuata. Ukaniomba vile vyuma vyembamba ninavyopimia nafasi za valvu. Nikakupa, nikawaambia vijana wa depo wakuangalie vizuri, mkono ule ni wa baba yake. Ukaingiza chuma chembamba kwenye mdomo wa kifuniko, ukakitoa, ukaingiza kinene zaidi, kikaingia pia.

"Papa, nani alitia huu mupira?"

"Ni mimi. Haikukuwa na mupira, nikatia."

"Na zile bolti zenye hazipo?"

"Zenye ziko zinatosha."

Ukasimama. Hukuniangalia mimi, ulimwangalia Mzee.

"Mzee, munisamehe. Siwezi kutia saini. Hii sanduku haiko tena ile yenye walipima. Na hii mota, musiiwashe tena."

"Lakini inatembea muzuri, binti yangu!"

"Inatembea, Mzee. Shida haiko kwa kutembea. Siku yenye mvuke itakuwa mingi humu ndani, cheche ya swichi itatoka inje, na hapa hakuna mutu atapona."

Mzee akanigeukia. Vijana wote wakanigeukia. Na mimi, badala ya kukuuliza kwa nini, nikasema lile neno. Nitaliandika hapa kama nilivyolisema, usije ukafikiri nimelisahau au nimelipaka sukari:

"Diploma yako ilitoka mu hii mupira. Miaka yote ulikuwa unakula mupira, leo ndio unaona iko mubaya?"

Watu wakacheka, nami nikaona nimeshinda. Wewe ulivifuta vile vyuma vya kupimia kwa kitambaa, ukanirudishia, ukasema aksanti papa, ukarudi nyumbani kwa miguu. Mota iliwashwa kabla hujafika kona. Ni mimi niliyebonyeza.

Tangu hapo tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Mama yako alipitisha chumvi kati yetu kama mjumbe wa amani. Kuna jambo moja hulijui. Jioni ile ulipokuwa jikoni ukimweleza mama yako, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimelala macho wazi. Nilikusikia ukichukua sufuria na kifuniko chake ili aelewe. Ulimwambia sanduku lile halikuundwa kuzuia mvuke usiingie. Mvuke utaingia tu, kwa sababu mvuke unaingia kila mahali, na swichi kila ikiwashwa inatoa cheche, kwa hiyo siku moja utalipuka mle ndani, na sanduku liliundwa likijua hivyo. Kazi yake ni kuvumilia ule mlipuko. Moto ukitaka kutoka unalazimika kupita katikati ya chuma na chuma, kwenye njia nyembamba na ndefu, na chuma kinaunyonya joto lake mpaka unafika nje umekufa. Ndiyo maana ya mdomo mpana, na ndiyo maana ya bolti zote zile. Mpira ukitiwa katikati, ulisema, mlipuko unausukuma, unakimbia, unaacha mlango.

Mama yako akauliza, "Na baba yako hakujua?"

Ukasema, "Angejua namna gani, mama? Hakuna mwenye alimwambia. Hata mimi, kama sikusoma, ningetia mupira."

Nilikuwa nimekucheka mbele ya watu, na wewe ukawa unanitetea mahali ambapo ulidhani sikusikii. Nilitaka kuinuka nije jikoni. Sikuinuka. Ningekuwa mtu mwenye akili ningekuja, tungepata siku nyingi za kuongea, na leo nisingekuwa hapa nikiharibu karatasi.

Badala yake nikafanya nilichozoea kufanya: nikaenda kujionea. Ulipokwenda Wamaza kumsalimu bibi mzaa mama, nilichukua bomba nene lenye midomo miwili inayofungana, nikaenda nalo mbali nyuma ya shamba la mihogo. Jinsi nilivyolijaza mvuke wa esanse na kutia cheche sikuelezi, maana utanigombeza na haki itakuwa yako. Mama yako alinifuata akanikuta nimelala chini nyuma ya kichuguu, waya mkononi.

"Weye Dezire, unataka kuunguza shamba ili ujue kama mutoto alisema kweli?"

"Rudi nyuma, Elena."

"Mutoto mwenye ulisomesha mwenyewe, ndiye unakataa kusikia?"

Chuma juu ya chuma, bolti zote zimekazwa: ikasikika puu nzito, ya ndani kwa ndani, na kitambaa chenye esanse nilichokiweka kando hakikushtuka. Nikarudia, hivyo hivyo. Kisha nikatia mpira, mpira mzuri, nimeukata kwa mkono huu huu. Sikusikia sauti vizuri kwa sababu nilikuwa naangalia. Mpira uliruka kando, ulimi wa moto ukatoka mrefu kuliko mkono wangu, na kitambaa kikawaka mara moja. Ile nyusi yangu ya kushoto niliyokuambia imeungua kwa kulehemu, haikuungua kwa kulehemu.

Nilikaa chini pale kwa muda. Mama yako alikaa nami, wala hakusema, unaona, nilikuambia, na hilo usilisahau utakapochagua mtu wa kuishi naye. Nilikuwa nahesabu watu moyoni, vijana wa depo, madereva wanaopanga mstari, yule mama anayeuza maandazi ya beinye mlangoni, wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ukiniletea chakula cha mchana na kukaa juu ya pipa ukiningoja nile. Mama yako akauchukua ule waya mkononi mwangu.

Ndipo nilipoelewa kile kibati ulichokisoma kwa mate. Mimi nilidhani ni mapambo ya kiwanda, jina la mwenye kuunda na majivuno yake. Kumbe ni ushuhuda. Kuna watu mahali fulani walilichukua sanduku kama lile, wakalijaza mvuke, wakalipua mara nyingi, mbali na binadamu, wakaangalia kama moto unatoka, wakapima jinsi linavyopata joto, wakaandika ni mvuke wa aina gani linaweza kuuvumilia na ni mahali gani lisiwekwe. Walifanya nyuma ya kuta zao kile nilichokifanya nyuma ya kichuguu, ila wao walijua wanafanya nini. Lakini walishuhudia sanduku lile kama lilivyokuwa. Nilipotia mpira na kuila midomo kwa tupa, sanduku likawa jingine, na kibati kikabaki kikisema uongo kwa niaba yangu. Mpira naweza kuutoa. Chuma nilichokila kwa tupa siwezi kukirudisha.

Ulikuwa umeniambia, wakati ule tulipokuwa tunaongea bado, kwamba kuna mahali mvuke upo kila wakati, kama ndani ya tangi lenyewe, na mahali unakuja na kuondoka, na mahali ambapo haupaswi kuwapo ila siku ya bahati mbaya, na kila mahali pana vifaa vyake, huwezi kuchukua taa ya huku ukaitundika kule. Nilikuuliza kama wazungu wanaogopa taa. Ulicheka ili usinivunje moyo. Niliona ulivyocheka. Tuseme tu kwamba naomba unieleze tena siku nyingine, nikusikilize kama mtu mzima.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonifanya niandike leo na si kesho.

Jana nilikwenda kwa Mzee Ramazani. Nilimwambia mpira ule ni kosa langu, sanduku ni la kutupa, lazima lije jipya zima, na mota izimwe. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alinipa chai, akasema:

"Fundi, hii mota haijaua mutu. Hata kuku haijaunguza. Karatasi tu ndiyo inakosekana. Lori iko njiani, ikikuta hakuna saini inapita, inaenda kushusha kwa mwengine. Na vijana wangu watakula nini? Mutoto anaenda Kalemie kesho kutwa. Atie saini, aende zake. Kule nani atamufuata?"

Akatoa karatasi, tayari imeandikwa, inangoja jina lako tu. Na mimi niliichukua. Sikuirudisha pale pale, Feza. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikamwambia nitaongea nawe. Mzee huyu ndiye aliyempeleka mama yako hospitalini kwa gari lake alipokuwa anakufa na uzazi wa mdogo wako. Ndiye aliyenipa kazi wakati kila mtu alikuwa ananiambia nirudi kulima. Nilipofika nyumbani nilikukuta unakunja nguo zako, nikasimama mlangoni, karatasi mfukoni, ukainua kichwa ukaniuliza, "Papa, unatafuta kitu?" Nikasema natafuta kiberiti.

Karatasi iko hapa chini ya kabureta. Nikiwa nimeiangalia alasiri nzima, nimejua kwamba kuna hatari kubwa kuliko Mzee, nayo ni mimi. Kwa hiyo nakuomba kwa maandishi, nikiwa na akili zangu: usitie saini. Mzee akija asubuhi na zawadi ya njia, akikuita binti yangu, pokea zawadi, mshukuru, usitie saini. Na kama ni mimi nitakayekuja, nikiwa na uso ule ninaouvaa ninapotaka kuombewa msamaha kwa mama yako, nikikuambia mara hii tu, kwa ajili ya baba yako, usitie saini. Mnyooshee huyo mtu barua hii, umwambie aisome.

Huko Kalemie itakuwa hivyo hivyo, nafikiri. Kazi yako itakuwa kuzunguka mahali penye mvuke, kuangalia pampu, taa na swichi, na kusema hiki ndiyo, hiki hapana. Watakaokuomba ufumbe jicho hawatakuja na pembe kichwani. Watakuwa watu waliokupa kiti, waliomzika ndugu yako pamoja nawe. Watakuambia imefanya kazi miaka mingi bila shida. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Miaka ile yote ilikuwa na maana moja tu, kwamba cheche na mvuke mwingi havijakutana siku moja.

Lakini nikulaumu kidogo pia, maana mimi ni baba yako na haki hiyo sijaiuza. Siku ile ungeniita kando. Ungeniambia kwanza mimi, nyuma ya mapipa, halafu Mzee. Labda ningekubishia bado, kichwa changu unakijua. Basi ningekubishia, nawe ungetoka ukasema mbele ya wote, na ungekuwa na haki kabisa. Ila mtu akiambiwa mbele ya wanafunzi wake kwamba mkono wake ni hatari, masikio yake yanaziba. Huko utakutana na mafundi kama mimi, wazee waliofufua mashine wakati wa vita kwa waya na mate. Ukikuta mpira mahali usipotakiwa, muulize aliyeutia ilikuwaje. Atakusimulia. Msikilize mpaka mwisho, kisha umkatalie.

Wala usiwadharau. Friji ile ya chanjo ilikuwa kazi nzuri, na leo ningeifanya tena. Kwenye friji ulikuwa mkono ule ule na mpira ule ule. Mpaka kati ya vitu viwili hivi uko wapi hasa, siwezi kukufundisha, mimi niliuvuka bila kuuona. Ninachokijua ni kwamba kuna vitu ambavyo fundi anaruhusiwa kujaribu na kukosea, halafu kuna vitu ambavyo kukosea kwake kunalipwa na wengine, na vya namna hiyo ndivyo vinavyokuja na kibati.

Hapa nilisimama kuandika. Sasa jua limeshuka, nimetoka nimerudi.

Nimekwenda deponi. Karatasi nimemrudishia Mzee mkononi, haina jina la mtu. Nikamwambia mwanangu hataiona. Halafu nikafungua nyaya za mota, nikazitoa zote, na swichi yenyewe nikaing'oa nikaja nayo, ili asije mtu kesho akaunganisha kwa haraka. Mara hii alikasirika vizuri. Alisema maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya kwenda kwa msichana. Alisema sanduku jipya likifika atatafuta fundi mwingine wa kulifunga, aliyesoma. Nikamjibu ni sawa, fundi aliyesoma namfahamu, ila anakwenda Kalemie. Alitaka kucheka, nikamwona, lakini akajizuia. Kama ni hasira ya leo tu au kazi yangu imekwisha kweli, tutajua. Mama yako anasema mihogo yetu haijali nani ni fundi.

Vijana walikuwa wamesimama wakitusikiliza, wale wale wa Jumatatu. Niliona ni vibaya wasikie nusu tu. Basi nikawaambia mbele ya Mzee kwamba siku ile Feza alisema kweli, na mimi nilisema ujinga kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza sasa esanse itatokaje kwenye tangi, kwa sababu asubuhi pikipiki zitakuja zote, za Salamabila na za Kabambare. Mzee akaniangalia kana kwamba anasema jibu basi, wewe uliyeng'oa nyaya. Nikamjibu kwamba pampu ya zamani ya kuzungusha kwa mkono bado iko stoo, na kwamba nitaizungusha mimi mpaka sanduku jipya litakapofika, hata kama hanilipi.

Kwa hiyo kesho usinitafute nyumbani wakati wa kufunga mizigo, wala usidhani nimekukimbia. Nitakuwa nimeondoka kabla hamjaamka. Dereva wako atapita deponi kujaza kabla ya kushika njia ya Kabambare, nimekwishaongea naye. Mstari utakuwa mrefu na watu watakuwa wakali, usishuke. Kaa juu ya pikipiki, shika mzigo wako. Tangi lako nitalijaza mwenyewe. Nina mambo mengi ningependa kukuambia pale, lakini mkono wa pampu ile ni mgumu na baba yako amezeeka, sidhani kama nitaweza kusema hata neno moja. Ukiniona sisemi, mama, si hasira. Ni pumzi tu imekwisha.

Baba yako,
Dezire